Seti kumi na moja kutoka Kigoma



Katibu wetu aliniomba niandike juu ya vifaa vya sola kwa sababu, alisema, "Mwalimu, mambo haya wewe ndiwe uliyeyaanza." Alicheka. Mimi sikucheka sana. Ni kweli niliyaanza, na najua kwamba habari yenyewe imeshatembea sokoni na kwenye bomba la maji, kila mmoja akiisimulia kwa namna yake. Heri niieleze mwenyewe, pamoja na hesabu zake. Kuna vikundi vingine vinavyotaka kufanya kama sisi, na sitaki vianguke palepale tulipoanguka.

Hapa Kalemie umeme upo, tusidanganye. Unatoka kwenye mtambo wa Bendera, kwenye mto Kyimbi, mtambo wa siku za wakoloni. Lakini kwenye mtaa wetu nyaya zinapita kama gari la mkubwa: tunaliona, halisimami. Walio na kuranti wenyewe wanaipata kwa saa wanazogawiwa. Sisi wengine ni toroshi na bujia. Mimi ninafundisha darasa la sita, watoto hamsini na wanane, na madaftari yao nilikuwa nikiyasahihisha na toroshi imefungwa kwenye msumari juu ya meza. Betri zake zilikuwa zinakula pesa kila wiki.

Mwaka jana mwezi wa nane mwenzangu mmoja wa masomoni alinionyesha karatasi kwenye simu yake. Ilikuwa dekreti ya serikali yetu ya tarehe 27 Desemba 2018, inayohusu kupunguza kodi na ushuru kwa mambo ya umeme. Ilitaja sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014, ile iliyofungua mlango ili kampuni binafsi nazo ziweze kutengeneza na kuuza kuranti. Nilisoma ukurasa wa kwanza na sehemu ya wa pili. Nina diploma ya ISP, Kifaransa hakinisumbui, na labda ndiyo iliyoniponza. Mtu asiyejua kusoma angemuuliza mwingine. Mimi nilijiona nimeshaelewa.

Jumamosi iliyofuata nikasimama kwenye mkutano wa kikundi chetu nikasema: serikali imeondoa kodi kwenye vifaa vya jua. Nilisema hivyo hivyo, bila "labda" na bila "nitauliza".

Hesabu niliyoipiga ubaoni ilikuwa hii. Dukani hapa mjini seti ndogo, yaani plake moja, batri, taa nne na mahali pa kuchajia simu, iliuzwa dola 95. Kigoma, ng'ambo ya ziwa, seti kama ile ilikuwa dola 58. Bei ya Kigoma iko chini na sababu yake si siri: Tanzania ina TVA ya asilimia 18, lakini sheria yao ya mwaka 2014 ilizisamehe plake za jua. Yaya yangu, binti ya mama mkubwa, anavuka ziwa karibu kila mwezi na biashara yake ya vitenge. Nikasema: dola 58, ongeza 4 za mashua na wabebaji, inakuwa 62. Kila mama anaokoa dola 33. Wamama walipiga makofi.

Tuliandikishana kumi na mmoja. Dola 682 zikakusanywa kwa wiki tatu.

Kati yetu alikuwako mama mmoja mjane anayeuza ndakala. Binti yake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anajiandaa kwa mtihani wa Serikali. Mnajua kwamba masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya msingi, sekondari tunalipa. Mama huyu alitoa dola 62 zilizokuwa za kulipia binti yake. Nilimwona akizihesabu, noti za dola tano tano zenye harufu ya samaki. Alikuwa amejipangia: seti ikifika, atachaji simu za jirani kwa franka 500 kila moja, na kabla ya mwisho wa muhula pesa ya masomo itakuwa imerudi, na mtoto atakuwa anasoma usiku. Ilikuwa mipango mizuri. Iliegemea hesabu yangu.

Yaya alirudi mwezi wa kumi na seti kumi na moja. Bandarini aliulizwa karatasi ya msamaha wa kodi. Hakuwa nayo. Akanipigia simu nikiwa darasani, nikatoka nje, nikaomba nizungumze na yule mtu. Nilimsomea dekreti kwa Kifaransa, namba na tarehe, kwa sauti ambayo watoto waliisikia mpaka darasa la nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila hasira. Kisha akaniuliza: "Madame, kampuni yenu ina ruhusa gani katika kazi ya umeme, na faili yenu ya msamaha ni namba ngapi?"

Sikuwa na kampuni wala namba. Yule mtu alikuwa anafanya kazi yake. Nalisema hili kwa sababu baadhi yenu mlisikia kwamba tulionewa. Hatukuonewa.

Ngoja niwapigie hesabu ya pili, ambayo ningepaswa kuipiga tangu mwanzo. Kodi ya kuingiza vitu kwetu ina ngazi za 5, 10 na 20 kwa 100, kufuatana na kitu chenyewe. Tuchukue ile ndogo. Seti pamoja na usafiri ni dola 62. Ushuru wa 5 kwa 100 ni dola 3.10, tumefika 65.10. Halafu TVA yetu ya asilimia 16 haihesabiwi juu ya 62, inahesabiwa juu ya 65.10, kwa hiyo ni dola 10.42. Jumla tumefika 75.52. Ongeza deklara wa kushughulikia karatasi, ongeza siku tisa za ghala wakati sisi tunabishana nani atoe, na kila seti ikatoka kwa dola 78.

Wamama, dola 78 bado ni chini ya 95. Mtu angesema tulipata. Lakini mama aliyeambiwa 62 na akatafuta 62 hana 16 nyingine nyumbani inayongoja. Tisa walizipata kwa shida, na maneno niliyoyapata pamoja nazo sitayaandika hapa. Mimi mwenyewe nilikopa. Mjane hakupata.

Nilimwendea nyumbani jioni. Nikamwambia nitamlipia hizo 16, nitazitoa kidogo kidogo kwenye mshahara. Alikuwa anageuza ndakala kwenye turubai, hakuacha kazi. Akasema: "Mwalimu, mimi sikuja kwenu kuomba sadaka. Nilikuja kwa hesabu yako." Alitaka dola 62 zake. Tulizitoa kwenye sanduku la kikundi, na seti yake ikauzwa kwa mwenye duka mmoja kwa dola 80. Binti akalipiwa masomo. Taa hawakupata.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya mwezi wa nane, yaani kuuliza. Yule deklara aliyetutolea mzigo ni mzee wa kazi, alinikaribisha kwenye kibanda chake, akanieleza kwa maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka: "Serikali ikisamehe kodi, haisamehe plake. Inamsamehe mtu aliyeleta faili." Msamaha ule uliandikwa kwa ajili ya wenye ruhusa ya kufanya kazi ya umeme. Wao wanapeleka orodha ya vifaa mapema, kabla mzigo haujafika mpakani, wanangoja jibu, na mzigo unakuja jibu likiwa tayari mkononi. Mama anayeshuka mashuani na plake mbili chini ya vitenge hayumo kwenye mpango ule. Hata akijua sheria yote kwa moyo.

Nilimuuliza pia kuhusu msaada mwingine ambao wengi wenu mmeusikia, ule unaoitwa Mwinda. Kwa wasiojua Kilingala, mwinda ni taa. Serikali ina wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, unaitwa ANSER, na Fonds Mwinda ni mfuko ulio chini yake. Mfuko huo unasaidia sola za nyumbani na pia majiko bora. Lakini sikilizeni vizuri namna unavyofanya kazi. Pesa haiji kwa mama. Inakwenda kwa kampuni, na kampuni haipewi kwa kuahidi. Inapewa ikishaonyesha kwamba imeuza na kufunga seti kadhaa katika nyumba kadhaa. Sisi tunachoweza kukiona, kama kweli kimefika, ni bei iliyopungua. Kwa hiyo mtu akija mlangoni na daftari, akasema "mama, toa dola tano nikuandikishe upate pesa ya Mwinda", mwonyeshe barabara. Hakuna mama anayeandikishwa mlangoni kwa njia hiyo.

Sisemi mpango huo ni mbaya. Umetengenezwa hivyo kwa sababu serikali ikigawa pesa kwanza, taa mara nyingi hazionekani. Lakini kama msaada unapita kwa muuzaji, sisi tunaobaki mwisho wa kamba lazima tujue kuuliza: mbona bei yako ni ileile?

Na si kwetu tu. Mdogo wangu yuko Marekani na watoto wake, walikwenda kama wakimbizi. Nilipomsimulia aibu yangu alicheka, akaniambia kwamba huko serikali kuu ilikuwa inarudisha asilimia 30 ya gharama ya sola ya nyumbani, na mpango huo umeisha tarehe 31 Desemba 2025. Nikamuuliza, wewe ulipata ngapi? Hakupata kitu. Ile asilimia 30 ilikuwa inakatwa kwenye kodi ya mapato unayodaiwa, kwa hiyo mwenye mshahara mdogo anayedaiwa kodi kidogo alipata kidogo. Isitoshe yeye amepanga, na paa si lake. Tukanyamaza wote wawili kwenye simu kidogo, kisha akaniuliza bei ya ndakala.

Jambo la kuisha ndilo la pili ambalo sikulitazama. Misamaha ya kodi ina umri. Kenya walikuwa wameondoa kodi ya VAT kwenye vifaa vya sola, mwaka 2020 wakairudisha, na mwaka uliofuata wakaiondoa tena. Mama aliyenunua katikati alilipa, jirani yake wa kabla na wa baada hawakulipa. Karatasi niliyoonyeshwa mimi ilikuwa ya 2018, na mimi niliishika mwaka 2025 kana kwamba ilisainiwa asubuhi ile. Ninawafundisha watoto kuandika tarehe juu ya kila zoezi. Basi.

La tatu nililijua mwezi wa pili mwaka huu, batri mbili kati ya zile kumi na moja zilipokufa. Miezi minne tu. Tulipotafuta pa kuzirudisha, fakture ya Kigoma ilikuwa imeandikwa "sola 11", hakuna jina la kifaa, hakuna garanti. Hapo nikafahamishwa kwamba vipo vifaa vya sola vinavyopimwa ubora kabla havijauzwa, na vinavyofaulu vinaandikwa kwenye orodha ya VeraSol. Mipango mingi ya kusaidia bei ya seti za nyumbani inadai vifaa vya orodha hiyo. Vya kwetu havikuwamo. Maana yake, hata kama siku ile pale bandarini tungekuwa na kampuni, ruhusa na faili, mipango hiyo isingevitazama vifaa vile.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza nanunue wapi, sianzi na bei. Ninamwambia aulize jina la kifaa na aliandike. Amwombe muuzaji fakture yenye jina hilo, na garanti yenye miezi, na mahali pa kurudisha batri ikifa, mahali penye mlango, si namba ya simu tu. Kama ni kulipa kidogo kidogo kwa simu, azidishe mwenyewe: malipo ya siku mara siku zote, aongeze kianzio, ndipo ailinganishe na bei ya kulipa mara moja. Halafu amuulize muuzaji bila kuona haya kama kampuni yake ina msamaha wa kodi au inapata msaada, na kama bei aliyotaja tayari imepunguzwa. Wengine watakasirika. Mmoja alinijibu vizuri sana, akanifungulia daftari, akanionyesha. Wa namna hiyo wapo.

Na kwa kikundi: msikusanye hata franka kabla mmoja wenu hajakwenda kuuliza deklara kwa mdomo wake, bei zote mpaka mzigo ufike nyumbani, na kuziandika. Sisi tungejua 78 tangu mwanzo, tungekusanya 78 kwa miezi miwili badala ya wiki tatu, na mjane angekuwemo.

Kuna mmoja aliniambia, mwalimu, mnahangaika na taa wakati kinachotumaliza ni makala ya kupikia. Ana haki. Nyumbani kwangu gunia la makala linakula pesa kuliko mwanga wote wa mwezi, na moshi tunameza bure. Majiko bora yako kwenye mfuko uleule niliousema. Hilo nitaliandika siku nyingine, nikishauliza kwanza.

Sasa niwaambie habari za binti. Mwezi wa kumi na mbili nilimwona anasoma chini ya taa ya duka barabarani, daftari limewekwa kwenye kreti ya soda. Nikamwambia aje kwangu, meza ni kubwa na taa ni nne. Alikuja siku ya tatu. Nadhani siku mbili za kwanza alikuwa anamwomba mama yake. Tangu hapo anakuja kila jioni isipokuwa Jumapili. Mimi upande huu nasahihisha, yeye upande ule anapiga hesabu zake ambazo nyingine zimenishinda, na wanangu wanalala.

Saa tatu mama yake anakuja kumchukua. Alikuwa anasimama barabarani na kupiga makofi mara mbili, binti anatoka, wanakwenda. Kisha akawa anasimama mlangoni. Wiki iliyopita aliingia, akakaa, akaweka kifurushi cha ndakala juu ya madaftari yangu. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kuna kampuni imepita mtaani kwao na seti za kulipa kidogo kidogo. Akaniuliza bei ile ni nzuri au ni mbaya.

Nikanyoosha mkono kuichukua. Hakunipa. Alimpa binti yake, akamwambia: "Anza na tarehe."